MBEGU YA NJUGU ISIISHIE OFISINI

Njugu tulazo Visiwani, za kukaanga na za kashata, nyingi hutoka Bara. Kwa hiyo habari za shamba la karanga la mkulima wa Mvomero au Gairo, mkoani Morogoro, si habari za mbali kwa mwananchi wa Unguja na Pemba. Ni habari za chakula chake mwenyewe.

Adui mkubwa wa zao hili ni ugonjwa wa rozeti, ambao wataalamu waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1907, kutokana na mashamba ya Tanganyika hii hii. Huenezwa na vidukari. Mmea hudumaa, majani hujikusanya pamoja, na shamba lililoshikwa mapema huweza lisitoe kitu. Kupanda mapema na kwa kukaribianisha mashina hupunguza madhara, lakini kinga ya kutegemewa ni mbegu yenyewe. Mbegu hizo si ndoto. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilitoa Pendo mwaka 1998, na mwaka 2009 zikafuata Mnanje, Mangaka na nyinginezo, baadhi yake zikiwa zimechaguliwa kwa kuuhimili ugonjwa huo.

Mpango wa karanga wa Waingereza, wa 1947 hadi 1951, ulipeleka matrekta Kongwa kabla ya maarifa ya udongo na mvua. Leo mambo yamegeuka: maarifa yapo, njia ya kumfikia mkulima ndiyo haba. Chini ya milima ya Uluguru, katika mji mmoja wa Morogoro, kuna Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Wakala wa Mbegu za Kilimo, na Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu. Hata hivyo wakulima wengi wa karanga nchini bado hupanda mbegu waliyojiwekea au waliyonunua gulioni.

Sababu haifichiki. Kilo moja ya mbegu ya karanga huzaa kama kilo 10 tu, ilhali ya mahindi huweza kupita 100; tena mkulima akishaipata mara moja hana haja ya kurudi dukani. Mfanyabiashara ataona faida gani? Kazi hii haiwezi kuachiwa soko. Yapasa Serikali ivipe vikundi vya wakulima mbegu za msingi na wakaguzi, ili vizalishe mbegu za kuazimiwa ubora wilayani mwao.

Lakini hata mbegu njema huharibiwa baada ya mavuno. Kuvu wa sumukuvu huingia ardhini ukame unapokaza karibu na kuvuna, kisha hustawi ghalani penye unyevu. Wako wanaorowesha maganda ili kumenya kuwe rahisi. Maji hayo huongeza uzito, na mnunuzi hulipa kwa uzito. Mwenye kukausha vyema ndiye anayepunjwa. Sumu hiyo huleta saratani ya ini, na kukaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, mahindi yakiwa ndiyo chanzo kikuu.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Tunawataka wakuu wanaohusika waone kwamba njugu zishukazo bandarini Malindi zinapimwa kwa kiwango hicho, matokeo yatangazwe, na wanunuzi wa Morogoro wawe na bei mbili: ya njugu kavu, na ya zile zilizoroweshwa.