Msiliite bonanza

Katika makala yako, hapo uliposema Kombe la Mapinduzi la Januari 2025 lilikuwa bonanza kwa sababu wageni hawakuleta mastaa wao, sikubaliani nawe. Katikati ya Januari hakuna dirisha la FIFA. Klabu hailazimiki kumwachia mchezaji, basi kila timu iliyoalikwa huja na iliowapata.

Naishi Stockholm. Mwezi huo huku ni theluji tupu na ligi imelala, kwa hiyo timu ya taifa ya Sweden ilizoea kufuata joto ughaibuni, wachezaji wengi wakiwa wa ligi za Skandinavia. Mwaka 2001 na 2003 walialikwa Thailand kwenye Kombe la Mfalme, wakalibeba mara zote mbili. Sijamsikia Mswidi akiliita bonanza.

Kwetu Zanzibar uzito wa Kombe la Mapinduzi ni zaidi. Zanzibar haimo FIFA. CAF ilitupa uanachama kamili Machi 2017, ikatunyang'anya Julai mwaka huohuo! Kufuzu AFCON hatuna, Kombe la Dunia ndiyo usiseme. Ukiondoa Chalenji ya CECAFA, timu yetu ya wakubwa icheze wapi? Ndiyo maana kuwafunga Tanzania Bara 1-0, kisha Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, tena Gombani, Pemba, kulitutoa machozi hata sisi tuliotazama kwenye simu.

Kama kuna kilichopunguza hadhi ya kombe hilo, wa kulaumiwa ni Uganda na Burundi waliojitoa. Nafasi zao wangepewa Comoro, majirani zetu, na mpira wanaujua.