Usonji na Siku Isiyo na Ratiba

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini Kenya, serikali iliamuru shule zifungwe. Kwa watoto wengi hiyo ilikuwa likizo ya ghafla. Kwa mtoto mwenye usonji ilikuwa kuporomoka kwa siku nzima, tangu sare ya asubuhi hadi honi ya basi jioni.

Usonji si ugonjwa wa kuambukizwa wala si zao la malezi mabaya, ingawa dhana hizo zingali zimeshamiri. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na jinsi mtu anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Aghalabu mwenye hali hiyo huujenga utulivu wake juu ya mambo yanayojirudia: njia ileile, kikombe kilekile, saa ileile. Wasioelewa huita tabia hiyo ukaidi. Waama, ratiba ndiyo inayompa fununu ya kitakachofuata katika ulimwengu ambao kwake una kelele nyingi mno.

Kufunga shule hakukuwa kosa, maradhi yalilazimu. Kosa lilikuwa katika lugha. Kwa kijana anayetaka kujua zimesalia siku ngapi, ibara kama vile "hadi itakapotangazwa tena" haina maana yoyote. Isitoshe, hata tarehe zilipotajwa hazikudumu. Julai 2020 ilitangazwa kwamba shule zingefunguliwa Januari 2021. Kisha tarehe 12 Oktoba wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 wakarejea, wenzao wakangoja hadi tarehe 4 Januari. Mzazi aliyekwisha kumwandalia mwanawe jibu moja alilazimika kulifuta na kuanza upya.

Ni kweli kwamba wapo waliopata nafuu nyumbani, mbali na makelele na dhihaka za wenzao. Hao nao walitaabika siku ya kurudi, barakoa usoni.

Ufaransa ililiona tatizo hili mapema. Tarehe 2 Aprili 2020, Siku ya Usonji Duniani, Rais Emmanuel Macron alitangaza kulegezwa kwa masharti ya kutoka nje kwa watu wenye usonji, na Uingereza ikachukua hatua kama hiyo mwezi huohuo. Nchini Kenya, kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi iliwasamehe watoaji wa huduma muhimu. Kijana aliyezoea kutembea jioni ili atulie hakukumbukwa.

Wanafunzi wa Kiswahili hufunzwa tafsiri na isimujamii. Ni nadra kuagizwa kulifasiri tangazo la serikali kwa mtoto asiyesema. Ilhali kazi yenyewe si kubwa. Yatosha kadi chache zenye picha na sentensi fupi: Shule imefungwa. Mwalimu yuko kwake. Baada ya chai, tutasoma. Baada ya kusoma, tutatembea hadi mwembeni. Hatujui shule itafunguliwa lini. Tukijua, tutatia alama kwenye kalenda.

Kadi hizo ziandaliwe sasa, kabla ya dharura nyingine. Mwanzoni mwa Mei 2024, kwa sababu ya mafuriko, ufunguzi wa shule uliahirishwa tena bila tarehe, na zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Ibara ilikuwa ileile: hadi itakapotangazwa tena.