Homurani 60 hazikutosha: Tuzo ya besiboli na utata wa neno 'thamani'

WAANDISHI wa habari 30 nchini Marekani walitakiwa mwaka 2025 kujibu swali moja: ni nani kati ya wachezaji wa besiboli wa ligi ya American aliyekuwa na thamani kubwa kuliko wenzake wote? Kumi na saba walimweka Aaron Judge wa New York Yankees nafasi ya kwanza. Kumi na watatu walimweka Cal Raleigh wa Seattle Mariners.

Matokeo yalipotangazwa mwezi Novemba, Judge alikuwa na pointi 355 na Raleigh 335. Judge akatwaa kwa mara ya tatu katika misimu minne tuzo ya Mchezaji Mwenye Thamani Zaidi, maarufu kwa kifupi cha MVP.

Hesabu yake ni rahisi. Kila mpiga kura huorodhesha majina kumi. Wa kwanza hupata pointi 14, wa pili tisa, wa tatu nane, na kuendelea hadi wa kumi anayepata moja. Wapiga kura wote 30 waliwapanga wawili hao katika nafasi mbili za juu, hivyo kila aliyebadili mawazo angepunguza tofauti yao kwa pointi kumi. Watu watatu tu wangegeuka, tuzo ingekwenda Seattle.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ambaye Jumamosi yake ni ya soka, mzozo huu si mgeni sana. Tuzo ya Ballon d'Or nayo hutolewa kwa kura za waandishi wa habari, na kila mwaka huacha nyuma watu wanaouliza walikuwa wanatazama mpira gani. Tofauti ni kwamba besiboli ni mchezo unaoishi kwa takwimu. Kila mrusho, kila pigo na kila kosa huandikwa, na vitabu vyake vinarudi nyuma hadi karne ya 19. Ingetarajiwa kwamba mchezo wa namna hiyo usiwe na shida ya kumjua aliye bora.

Shida ipo, na chanzo chake ni neno moja.

Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani, ambacho kimekuwa kikitoa tuzo hiyo tangu 1931, hakijapata kufafanua maana ya 'thamani'. Maelekezo wanayopewa wapiga kura yanakiri waziwazi kwamba hakuna tafsiri moja ya neno hilo. Yanataja uwezo wa kushambulia na kulinda, idadi ya mechi alizocheza mtu, tabia na moyo wake kwa timu. Yanaongeza kwamba si lazima mshindi atoke katika timu iliyoongoza. Mengine yote ameachiwa mpiga kura na dhamira yake.

Ndiyo maana mwaka 2025 pande zote mbili ziliweza kudai haki.

Raleigh alipiga homurani 60, yaani mapigo 60 yaliyoupeleka mpira nje ya uzio na kumruhusu mpigaji kuzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani bila kuguswa. Katika historia nzima ya ligi kuu, ni wachezaji saba tu waliofika idadi hiyo kwa msimu mmoja. Zaidi ya hapo, Raleigh ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago na kinga za kifuani, akidaka mipira inayorushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi. Kazi hiyo huchosha magoti na mgongo, na kwa kawaida hulimaliza bao la mtu. Rekodi ya homurani kwa mdakaji kabla yake ilikuwa 48, iliyowekwa na Salvador Perez mwaka 2021.

Raleigh pia hupiga kwa upande wa kulia na wa kushoto kutegemea mrushaji, na kwa wapigaji wa aina hiyo alivunja rekodi ya Mickey Mantle ya 54 iliyodumu tangu 1961. Mariners nao waliongoza kundi lao kwa mara ya kwanza tangu 2001.

Judge alikuwa na homurani 53, saba pungufu. Lakini wastani wake wa kupiga ulikuwa .331, maana yake ni kwamba katika kila majaribio 1,000 angefanikiwa 331. Ndio uliokuwa wa juu kuliko wote katika ligi hiyo. Wastani wa Raleigh ulikuwa .247. Kwa maneno mengine, Raleigh aliupeleka mpira nje ya uzio mara nyingi kuliko mtu yeyote, lakini mara nyingi zaidi alirudi benchi mikono mitupu.

Zamani homurani pekee zingeweza kuonekana kama ndizo zinazoamua. Hata hivyo, kumbukumbu zinaonyesha kwamba haijawahi kuwa hivyo.

Misimu ambayo mchezaji alifikisha homurani 60 au zaidi ni kumi. Katika misimu hiyo kumi, tuzo ilikwenda kwa aliyefikisha idadi hiyo mara nne tu: Roger Maris mwaka 1961 alipopiga 61, Sammy Sosa mwaka 1998 alipopiga 66, Barry Bonds mwaka 2001 alipopiga 73, na Judge mwenyewe mwaka 2022 alipopiga 62.

Babe Ruth, ambaye jina lake linajulikana hata kwa watu wasiojua kanuni moja ya mchezo huo, alipiga 60 mwaka 1927 na hakupata kitu. Kanuni ya tuzo ya ligi wakati huo ilimzuia mtu aliyewahi kushinda asishinde tena, na Ruth alikwisha kuipata mwaka 1923. Ikachukuliwa na mwenzake wa timu moja, Lou Gehrig.

Mwaka 1998 ndio unaofundisha zaidi. Mark McGwire wa St. Louis alipiga homurani 70 na kuivunja rekodi ya Maris iliyokaa miaka 37. Marekani nzima ilisimama kumtazama. Lakini kura 30 kati ya 32 za nafasi ya kwanza zilikwenda kwa Sosa aliyekuwa nyuma yake kwa homurani nne, kwa kuwa timu yake ya Chicago Cubs iliingia hatua ya mtoano na ya McGwire haikuingia. Mwaka huo 'thamani' ilimaanisha kuivusha timu.

Mwaka 1947 ilimaanisha kitu kingine. Ted Williams wa Boston aliongoza ligi kwa wastani, kwa homurani na kwa mikimbio aliyoiletea timu, mambo matatu ambayo kuyaongoza kwa pamoja huitwa Taji la Mara Tatu. Joe DiMaggio wa Yankees hakuongoza hata moja. DiMaggio alishinda kwa pointi 202 dhidi ya 201. Williams hakuwa rafiki wa waandishi wa habari, na hilo lilijulikana na kila mtu.

Miaka 65 baadaye, mwaka 2012, Taji la Mara Tatu likatosha. Miguel Cabrera wa Detroit alilipata, akiwa wa kwanza tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967, na kura 22 kati ya 28 za nafasi ya kwanza zikamfuata. Aliyeshindwa alikuwa kijana Mike Trout, ambaye wataalamu wa takwimu mpya walisisitiza kwamba alikuwa bora kwa sababu alikimbia, alilinda uwanja na aliiba vituo 49.

Wataalamu hao walishindwa siku hiyo, lakini ndio walioshinda vita. Kipimo chao kikubwa hukusanya kila anachofanya mchezaji, cha kushambulia na cha kulinda, na kukilinganisha na kile ambacho angefanya mchezaji wa akiba wa kawaida ambaye timu yoyote inaweza kumpata kwa bei ndogo. Kwa kipimo hicho Judge alikuwa juu ya Raleigh mwaka 2025, na si vigumu kuona kwamba kura nyingi zilifuata huko.

Kwa haki, Judge hakuiba tuzo ya mtu. Wastani wa .331 pamoja na homurani 53 ni msimu ambao wapigaji wengi wakubwa hawakuwahi kuupata maishani. Lakini kipimo kipya nacho kina upofu wake. Kinaweza kuhesabu mpira aliodaka Raleigh. Hakiwezi kuhesabu vizuri jinsi alivyomtuliza mrushaji aliyechanganyikiwa, wala aina ya mrusho aliouchagua katika dakika ngumu, wala uchovu wa miguu aliokuja nao alipogeuka kuwa mpigaji. Judge, kwa upande wake, aliumia kiwiko katikati ya msimu na kwa muda akawa anapiga tu bila kwenda kulinda uwanja. Waandishi 13 waliona mambo hayo yana uzito. Hoja yao ilikuwa nzito kuliko ilivyochukuliwa.

Utata huu ungekuwa burudani ya vijiweni tu kama usingekuwa na jina la Barry Bonds.

Bonds ana homurani 762, nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi kuu. Aliipita rekodi ya Hank Aaron ya 755 mjini San Francisco Agosti 7, 2007. Ana MVP saba, nne kati ya hizo zikifuatana kuanzia 2001 hadi 2004. Mwaka huo wa mwisho warushaji walimwogopa kiasi kwamba walimpa kituo cha bure kwa makusudi mara 120, wakiona ni afadhali kumruhusu kuliko kumpa mpira wa kupiga.

Wakati huohuo jina lake lilikuwa limehusishwa na uchunguzi wa maabara ya California iliyosambaza dawa za kuongeza nguvu. Bonds amekuwa akikana kwamba alizitumia kwa kujua. Alitiwa hatiani mwaka 2011 kwa kuzuia mkondo wa sheria, na mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo mwaka 2015.

Chama kilekile cha waandishi ndicho kinachopiga kura za kuwaingiza wachezaji katika Jumba la Heshima la mchezo huo, Cooperstown, katika jimbo la New York. Huko huhitajika asilimia 75. Kwa miaka kumi kuanzia 2013 jina la Bonds liliwekwa mbele yao, na katika jaribio la mwisho, Januari 2022, alipata asilimia 66. Kwa hiyo chama kilichomtangaza mara saba kuwa mwenye thamani kuliko wote kilimwona hafai kukaa katika nyumba ambamo wamo wachezaji wasiofikia nusu ya rekodi zake.

Inawezekana hukumu ya pili ndiyo sahihi. Lakini hakuna aliyeirudia ya kwanza. Ryan Braun, MVP wa ligi ya National mwaka 2011, alifungiwa mechi 65 mwaka 2013 kwa sababu ya dawa na akabaki na tuzo yake. Alex Rodriguez, mshindi wa 2003, alikiri mwaka 2009 kwamba alitumia dawa katika misimu ya 2001 hadi 2003. Tuzo ya 2003 bado ni yake. McGwire naye alikiri mwaka 2010, na homurani zake 70 zimo vitabuni.

Vitabu vyenyewe, kwa upande mwingine, vimeonyesha kwamba vinaweza kufunguliwa upya. Mei 2024 ligi kuu iliingiza rasmi takwimu za ligi za watu weusi za miaka ya 1920 hadi 1948, enzi ambayo mchezaji mweusi hakuruhusiwa kukanyaga viwanja vya ligi kuu hadi Jackie Robinson alipoingia mwaka 1947. Kwa siku moja Josh Gibson, aliyefariki dunia Januari ya mwaka huohuo wa Robinson, akawa na wastani wa juu wa maisha kuliko wote, .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367. Miaka minne kabla, waandishi walikuwa wameliondoa kwenye tuzo ya MVP jina la Kenesaw Landis, kamishna aliyeongoza mchezo huo kuanzia 1920 hadi alipofariki mwaka 1944 bila mchezaji mweusi hata mmoja kuingia.

Kama takwimu za miaka mia zinaweza kurekebishwa, ni vigumu kueleza kwa nini kura ya mwaka 2003 haiguswi.

Na sasa kura hizo zina fedha ndani yake. Mkataba kati ya wamiliki wa timu na chama cha wachezaji uliofikiwa mwaka 2022 ulianzisha mfuko wa dola milioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya vijana wasiofikia hatua ya kudai mishahara mikubwa. Kijana wa kundi hilo anayeshinda MVP hulipwa kutoka mfuko huo dola milioni 2.5. Anayeshika nafasi ya pili hupata dola milioni 1.75. Mwandishi anayeketi chumba cha kubadilishia nguo akimhoji mchezaji leo, kesho ndiye anayeamua kama mchezaji huyo atapata tofauti hiyo, kwa kutumia neno ambalo chama chake hakijalifafanua.

Magazeti ya New York Times na Washington Post yaliona hatari hiyo mapema na yaliwakataza waandishi wao kupiga kura hizo. Kazi ya mwandishi, kwa mtazamo wao, ilikuwa kuripoti habari na si kuitengeneza. Magazeti mengine mengi hayakufuata mfano huo, na wapiga kura 30 wa kila ligi huendelea kupatikana kila msimu bila taabu.