Direkta wa shule anaulizwa kila kitu, serkali inaulizwa na nani?

Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, masomo katika shule za msingi za serkali ni bure hapa Kongo. Katiba ya 2006 ilikuwa imesema hivyo tayari, katika kifungu cha 43. Watoto wengi waliokuwa wanabaki nyumbani kwa kukosa pesa waliingia darasani. Ni jambo jema, na halifai kurudishwa nyuma.

Lakini mzigo umemwangukia direkta wa shule. Akichangisha wazazi hata frangi kidogo za chaki, anaweza kusimamishwa kazi. Asipochangisha, na pesa za kuendesha shule zikichelewa, inspekta anamuuliza kwa nini vyoo vimebomoka. Kuna pia walimu wanaofundisha bila kuwa kwenye orodha ya mishahara. Anayewaomba wavumilie ni yeye.

Mkuu wa namna hiyo anaacha kuamua, anangoja amri. Anayeumia kwanza ni mtoto aliyekimbia vita, iwe Ituri au Kivu ya Kaskazini. Mama anafika shuleni bila buletini, maana iliungua pamoja na nyumba. Direkta anayejiamini angemsomesha mtoto mistari michache, angempa hesabu mbili tatu, kisha angemweka darasani siku hiyo hiyo. Direkta mwenye hofu anafikiria rejista na ukaguzi, anajibu: "Leteni karatasi kwanza." Mtoto anarudi kambini na mwaka unapita.

Ukaguzi usiachwe. Wapo wakuu waliokula pesa za wazazi, na hao waadhibiwe. Ila hesabu itolewe pande zote mbili. Serkali ibandike kwenye ukuta wa kila shule kiasi cha pesa ilizotuma na tarehe zilipofika. Direkta naye abandike pembeni namna alivyozitumia. Kamati ya wazazi isome yote mawili, na wazazi waliohama makwao wawe na kiti ndani yake. Tena wakuu wote wapewe barua inayosema wazi kwamba mtoto wa vita anapokelewa hata bila buletini, ili direkta asiadhibiwe kwa kutenda haki.

Wazazi nao, shule zikifunguliwa, wasimkemee direkta peke yake. Waulize pesa za shule zimefikia wapi, na wamuulize yule anayepaswa kuzituma.