Kasuku hafunzwi na njaa

Wasee, hii ya "mnyime alizeti, akisikia njaa atakula peleti" tuiache. Kasuku si mbuzi. Ukimwekea kitu asichokijua anaweza kukaa njaa mpaka afe na bakuli limejaa, sababu machoni pake hizo peleti ni changarawe tu.

Na wewe unayesema "lakini anapenda alizeti", hata mimi napenda chipsi. Alizeti imejaa mafuta, vitamini A na kalsiamu ni kidogo sana, na kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu anaweza kushikwa na kifafa. Sasa hapo utamwambia daktari alikuwa anapenda?

Badilisha, lakini polepole. Changanya peleti kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Uzito ukishuka, mrudishie mbegu kwanza.

Peleti ni ghali, najua. Ndiyo maana sielewi mtu anatoka Gakoromone na sukuma, karoti na hoho kwa mfuko, halafu ndege anamwagiwa alizeti kavu. Mkatie kidogo! Isipokuwa avokado. Hata kama zinaanguka bure nyuma ya nyumba yenu, usimpe. Kwake ni sumu.