Spika Mpya, na Maboya Yako Wapi?

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeyatiisha maji na upepo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani hapa Kidahwe, kijiji cha njia panda kilicho kiasi cha kilomita 28 kutoka mjini Kigoma, mahali zinapoachana barabara ya Kasulu na ile ya Uvinza. Ziwa Tanganyika hatulioni tukiwa barazani, lakini riziki ya wengi wetu imo humo. Vijana wetu huteremka Ujiji na Kibirizi kufanya kazi katika maboti ya abiria yaendayo vijiji vya kaskazini na kusini, ambako gari hufika kwa taabu au halifiki kabisa.

Miezi michache iliyopita alinijia mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye leo ni mtu mzima mwenye boti yake ya mbao na mashine ya kufunga nyuma. Akaniamkia, "Shikamoo maalim," nami nikamwitikia. Akasema amekuja kunichukua nikaisomee dua boti yake, kwani ameitengeneza upya. Nikafurahi, nikidhani amebadilisha mbao zilizooza au amenunua mashine ya akiba. Kumbe kutengeneza kwenyewe ni kung'oa spika 2 ndogo na kutia 4 kubwa, pamoja na amplifaya na betri ya kuziendesha.

Nikamwuliza: "Boti yako inachukua abiria wangapi?" Akasema 40. "Na jaketi za kujiokolea, haya tunayoyaita maboya, unayo mangapi?" Akatazama chini, kisha akasema 15, na mengine yamegeuzwa mito ya kukalia. Tukachukua kalamu tukahesabu kwa bei alizozitaja mwenyewe. Ikadhihirika kuwa fedha zilizoingia katika zile spika zingetosha kununua maboya 25 yaliyopungua, na chenji ikabaki.

Sikwenda kusoma dua. Nimeandika makala haya badala yake, kwani jambo hili si la kijana mmoja wala la ziwa moja. Nyinyi mlioko Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu mnayajua maboti haya yanayosikika kabla ya kuonekana.

CHOMBO HUSAFIRI KWA MASIKIO

Wazee wetu wa baharini walijua kuwa macho ya nahodha hayamtoshi, hasa usiku. Huhitaji masikio. Kwa masikio hujua mashine imebadili mlio kabla haijazimika. Kwa masikio husikia mawimbi yakivunjika mwambani, na mtumbwi wa mvuvi usio na taa ukikaribia. Kwa masikio humsikia abiria aliyeketi omo akipiga ukelele kwamba maji yanaingia. Sasa niambie, ndugu msomaji: panapovuma spika 4 kubwa, ni ukelele gani utakaosikika?

Ziwa letu si bwawa la kuogea watoto. Kina chake chafika mita 1,470, na duniani halizidiwi kina ila na Ziwa Baikal la Urusi. Wakati wa kiangazi, tangu Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma ukainua mawimbi kama ya bahari kuu. Mwezi wa Desemba 2014, upande wa Kongo wa ziwa hili hili, ilizama MV Mutambala na watu zaidi ya 120 wakafa. Septemba 20, 2018, katika Ziwa Viktoria, kivuko cha MV Nyerere, kilichotengenezwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Na nani wa Visiwani asiyeikumbuka Spice Islander ya Septemba 2011?

Sisemi kwamba spika ndizo zilizovizamisha vyombo hivyo. Kusema hivyo ni uwongo, na uwongo haujengi dini. Ninalosema ni kwamba majini watu huangamizwa na mambo yaliyodharauliwa, na mtu mwenye fedha kidogo akianza na kelele, maana yake ameyadharau mengine yote. Hata betri ina hesabu yake. Amplifaya ya wati 1,000 ikitumika kwa nguvu zake zote katika betri ya volti 12 hunyonya zaidi ya ampea 80, na betri ya kawaida haiwezi kuvumilia hayo kwa muda mrefu. Ikifa usiku katikati ya ziwa, taa za kuonyesha chombo zitawashwa kwa nini?

HOJA WANAZOZITOA

Hoja ya kwanza husema: "Maalim, spika huleta abiria. Nisipopiga mimi, watapanda boti ya jirani." Na jirani naye asema hivyo hivyo. Basi yanakuwa mashindano yasiyo na mwisho, na wajuzi wa elimu ya sauti wametueleza kwa nini. Ukizidisha nguvu za umeme katika spika mara 2, sauti huongezeka desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulitambua kidogo. Ili isikike kama imekuwa kubwa maradufu, yahitajika nguvu mara 10 hivi. Ndiyo maana mwenye spika 2 hutaka 4, na mwenye 4 hutaka 8, na hakuna siku atakayosema imetosha. Hii ndiyo israfu yenyewe: mali hutoka kwa wingi na faida hurudi kwa uchache.

Na madhara je? Wataalamu wa afya kazini wa Marekani wameweka mpaka: sauti ya desibeli 85 mtu asikae nayo zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupungua nusu, hata ikifika 100 zabaki dakika 15 tu. Safari zetu ni za saa kadhaa. Mama mwenye mtoto mchanga aliyeketi mbele ya spika hana pa kuhamia, maana pande zote ni maji.

Hoja ya pili ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa kuwa hutoka vinywani mwa watu wa msikitini: "Lakini sisi hatupigi miziki. Tunapiga kaswida na mawaidha." Ndugu yangu, sitaki leo kuingia katika mjadala wa ngoma na zumari, una mahali pake. Lakini tazama aliyoyasimulia Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), yaliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Masahaba walikuwa safarini na Mtume (S.A.W.), wakawa wanapaza sauti zao kwa takbiri. Naye akawaamrisha wajihurumie nafsi zao, kwani wanayemwita si kiziwi wala hayuko mbali. Hiyo ni takbiri, na wanaoipaza ni Masahaba! Basi kaswida ya amplifaya itapata wapi ruhusa ambayo takbiri haikupewa? Boti iondokayo alfajiri ikitikisa madirisha ya kijiji chenye mgonjwa na chenye msiba haitangazi Uislamu. Humfanya jirani auchukie.

Hoja ya tatu ni: "Boti ni yangu na mali ni yangu." Hasha! Mbao ni zako, lakini roho zilizomo ni amana. Umesahau mfano alioupiga Mtume (S.A.W.) wa watu waliopiga kura katika jahazi, wengine wakakaa juu na wengine chini? Wa chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wangeachwa, wangeliangamia wote. Waliposhikwa mikono, waliokoka wote. Hakuna "sehemu yangu" ndani ya chombo kinachoelea.

NA SISI ABIRIA?

Lakini tusimtwishe mwenye boti mzigo wote. Ni nani aliyemfundisha kwamba kelele ni biashara? Ni mimi na wewe. Tunasimama ufukweni na mizigo yetu na watoto wetu, tunatazama boti ipi imechangamka, nasi twaikimbilia. Hatuulizi nahodha ana cheti au hana. Hatuhesabu maboya. Tukipewa boya twalikalia, na anayelivaa twamcheka kuwa mwoga. Kisha upepo ukivuma, ndipo sote tunapomkumbuka Mola, na yule tuliyemcheka tunatamani kuwa yeye.

Basi wewe baba na wewe mama, kabla ya kumpandisha mwanao, uliza maswali matatu: maboya ni mangapi, abiria ni wangapi, na nahodha ni nani. Ukijibiwa vibaya, shuka, hata kama nauli umekwisha lipa. Mkiwa majini na sauti imezidi, mwambie nahodha kwa adabu aipunguze. Wakisema kumi, atapunguza. Nanyi wenye maboti, redio ndogo ya kusikiliza habari za hali ya hewa hakuna aliyewakataza. Anzeni na roho za watu, kisha yatakayobaki fanyeni kwa kiasi.

Yule kijana aliondoka kwangu amenuna, na mpaka leo hajarudi. Boti yake ingali ikisafiri, na wajukuu zangu huipanda waendapo kwa mama yao. Kila nikisikia upepo usiku huamka nikawaombea wao, na yeye pia. Siku atakayonijia kusema maboya yametimia 40, nitaondoka hapa Kidahwe hata kwa miguu nikaisomee dua boti yake.

Ewe Mola, tulinde nchi kavu na majini, na utupe masikio yanayosikia. Amin.