Ukipeleka ukoo mzima Pwani, tafuta ufuo uliotulia

Kila familia ina kijana mmoja anayetwikwa kazi ya "wewe unajua mambo ya simu, hebu tutafutie mahali." Kama umefika hapa, pengine kijana huyo ni wewe. Zamani kazi hii haikuwepo. Desemba ikifika watu wa Kawangware na Kangemi walipanda basi na kwenda mashambani, mambo yakaisha. Sasa shangazi wamechanga tangu Januari, pesa ziko kwa mweka hazina, na grupu ya Watsapu inauliza swali moja asubuhi na jioni: tunaenda wapi huko Kosti? Mko ishirini. Sita ni watoto, wawili wana wajawazito, na kuna nyanya (shosho, kukhu, mwite mnavyomwita kwenu) ambaye amezeeka akisikia habari za bahari bila kuiona.

Msimamo wetu ni huu: usiwapeleke penye umati. Tunajua roho yako inataka Nyali, Mtwapa ama katikati ya Diani, mahali pa kupiga picha na kukesha. Hatukulaumu, hata sisi tunapapenda. Lakini pesa hizi si zako peke yako. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ule ambao wengi wanauita Pirates, siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya hujaa hadi mchanga hauonekani. Kuna ngamia, kuna maboya ya kukodisha, kuna wauzaji wa kila kitu, na katikati ya hayo kuna mzazi anayezunguka akiita jina la mtoto. Kijana wa miaka 22 ataiita hiyo raha. Mtu wa miaka 80 aliyekalishwa kwenye jua bila kiti na bila choo cha karibu atasubiri tu saa ya kurudi.

Basi wapi? Tukiulizwa sisi, tungeanza na Tiwi. Iko kusini mwa Mombasa, kabla tu ya kufika Diani, na mto Mwachema ndio unaozitenganisha. Pale mtoni, upande wa Diani, kuna msikiti wa kale wa Kongo uliozungukwa na mibuyu. Hata wale vijana wanaojidai hawapendi historia hunyamaza kidogo wakifika hapo. Tiwi haina msururu wa hoteli kubwa. Ina nyumba za kukodisha zenye jikoni na veranda, miti ya kivuli, na ufuo ambao siku ya kazi unaweza kuutembea kitambo bila kupishana na mtu. Mwamba wa matumbawe unavunja mawimbi mbali na nchi kavu, kwa hiyo maji ya ndani hutulia. Na vijana wakichoka na utulivu, Diani iko hapo tu. Wapande matatu ama tuktuk, wakacheze usiku mmoja, warudi wakiwa wamekata kiu. Hakuna sababu ya watu ishirini kukosa usingizi kwa ajili ya sita wanaotaka muziki.

Ukisonga kusini zaidi kuna Msambweni. Huko ni kimya kweli, tena kuna hospitali kuu ya rufaa ya kaunti ya Kwale. Jambo hilo utaliona dogo hadi presha ya mzee ipande saa sita usiku. Upande wa kaskazini kuna Watamu, ambayo bahari yake imehifadhiwa kama mbuga ya kitaifa tangu 1968, na magofu ya Gede yako karibu. Kilifi pia ni pazuri, ila kumbuka kwamba mwisho wa Desemba huwa na tamasha la muziki linalovuta vijana kutoka kila pembe, na bei za nyumba hupanda nao. Nenda Kilifi mapema mwezini, usiende wiki hiyo. Malindi, karibu na mahali mto Sabaki unapoingia baharini, maji hugeuka rangi ya chai mvua zikinyesha bara, kwa hiyo usidanganywe na picha ya samawati iliyopigwa msimu mwingine. Na Lamu? Lamu ni tamu, hakuna honi za magari, lakini na nyanya na watoto sita, baada ya treni bado mna saa nyingi za basi na kisha boti. Iwekeni kwa safari ya watu wachache.

Sasa kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hulisahau kabisa: bahari ina ratiba yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua, na hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku hizo, mwendo wa saa nne asubuhi maji yametoka hadi karibu na mwamba, kisha yanarudi kujaa saa kumi jioni. Fuo nyingine mchanga wote humezwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, angalia kalenda ya mwezi na umuulize mwenyeji, "Maji yakijaa, ufuo unabaki?" Maji yakiwa yametoka ni wakati mzuri wa watoto kuchungulia vidimbwi vya mwambani, wakiwa wamevaa viatu vya mpira, maana kuna wanyama wa miiba myeusi wasiojali kama umetoka Lavington au Kawangware. Lakini mkiona maji yameanza kurudi, rudini nayo. Na penye mlango kwenye mwamba, pale maji yanapopita kwa nguvu, hakuna kuogelea, hata yule binamu anayejua sana.

Desemba kwa bahati ni msimu wa kaskazi, na bahari huwa tulivu kuliko wakati wa kusi katikati ya mwaka. Ukiweza, chagua siku za baada ya shule kufungwa na kabla ya wiki ya Krismasi. Nyumba ile ile, bahari ile ile, bei tofauti kabisa.

Kuhusu safari yenyewe, tunapigia treni kura. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ya SGR kutoka Nairobi hadi Mombasa imekuwa shilingi 1,500, na watoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Watu wazima 14 na watoto 6 ni shilingi 25,500 kwenda. Kukodi matatu mbili huenda kukakaribia hapo ama kukazidi, lakini barabara ya Mombasa usiku ni malori matupu, na dereva wenu aliyezoea kuingia tauni na kutoka si lazima awe amezoea Mtito Andei saa nane za usiku. Chukueni treni ya asubuhi. Ile ya usiku itawashusha Miritini kabla ya mapambazuko na watoto wamelala mabegani. Ubaya wa ile ya asubuhi ni kwamba wanaotoka Uthiru na Kinoo lazima waamke gizani kufika Syokimau. Treni ya kuunganisha kutoka stesheni ya katikati ya jiji husaidia, ama wote walale kwa jamaa aliye karibu. Kutoka Miritini, barabara ya Dongo Kundu sasa inawafikisha pwani ya kusini bila kungoja feri ya Likoni. Agiza gari hilo mapema, usilitafute mkiwa na mizigo nje ya stesheni.

Nyumba ndipo pesa za shangazi hupotelea. Walaghai huchukua picha za nyumba ya mtu, huziweka mtandaoni kwa bei ya kuvutia, wanataka "deposit" leo kwa sababu "kuna mteja mwingine." Usitume hata shilingi kabla mtu hajasimama ndani ya nyumba hiyo na kukuonyesha kwa simu ya video: jikoni, bomba likitoka maji, njia ya kuelekea ufuoni. Bora zaidi, kila familia ya Nairobi ina mtu Mombasa, hata kama ni rafiki wa mliyesoma naye. Mlipie nauli aende akaangalie. Na aulize maswali ya kizee: Ngazi ni ngapi? Choo kiko chini? Maji ya bomba ni ya chumvi? Stima ikipotea kuna nini? Duka na kliniki ya karibu viko umbali gani? Utulivu bila maji safi ni mateso.

Mkifika, kumbukeni kwamba ufuo kuwa kimya haimaanishi hauna wenyewe. Tiwi na Msambweni ni vijiji vya watu, wengi wao Waislamu, na njia yenu ya kuelekea baharini inapita mbele ya nyumba zao. Nguo za kuogelea zikae ufuoni, leso ziwe karibu, na shikamoo haigharimu kitu. Nunueni samaki kwa wavuvi wanapotua asubuhi. Changu na tafi wabichi hawafanani hata kidogo na wale waliosafiri kwenye barafu hadi jijini. Tafuteni mama wa hapo awapikie wali wa nazi, mahamri na mbaazi, mlipe vizuri bila kumkaba bei kana kwamba mko Gikomba. Kwa pesa ambazo watu ishirini wangetumia kwa mlo mmoja wa hoteli, mtakula siku kadhaa, na pesa hizo zitabaki kijijini.

Leo usiku basi, andika kwenye ile grupu: tarehe mbili, sehemu mbili, gharama ya kila mtu mzima na ya kila mtoto. Usiweke sehemu saba, mtabishana hadi Pasaka. Mpigie nyanya simu kando umuulize kama angependa kuamkia sauti ya maji au kukaa mbali nayo kidogo, maana wapo wanaoiogopa usiku. Na ile spika kubwa uliyonunua Luthuli Avenue, iache Kangemi.